Vidole Vimevimba, Picha Ni Safi: Namna ya Kuchunguza Baridi Yabisi ya Mikono Ingali Changa

Mwezi wa Juni, ukungu ukishuka kutoka milima ya Uporoto na kuifunika barabara ya Tukuyu hadi magari yanawasha taa asubuhi ya saa nne, chumba chetu cha eksirei hapa Mbeya hujaa mikono. Mikono ya wachuma chai wa Rungwe, ya wapanda viazi wa Isyonje, ya mama lishe wa Mwanjelwa, ya walimu wanaoshindwa kubana chaki. Ukiwauliza wameanza kuumwa lini, wengi hujibu, "Ni baridi tu hii."

Jina la ugonjwa limechangia. Tunauita baridi yabisi, na huku kwetu nyanda za juu neno baridi halihitaji maelezo. Watu wanalishika hilo na kuliacha la pili, yabisi, yaani ukavu na ukakamavu, ambalo ndilo linalousema ugonjwa wenyewe. Baridi ya Makete hufanya viungo vilivyokwisha kuumwa vikaze zaidi, lakini haiuleti ugonjwa huu. Unakuja pale kinga ya mwili inapougeukia mwili na kuushambulia utando laini uliofunika viungo kwa ndani. Utando unavimba, unanenepa, unaota mishipa mipya ya damu, kisha unaanza kula gegedu na mfupa. Hutokea Kyela kwenye joto kama unavyotokea Matamba kwenye baridi.

Naandika kwa ajili ya tabibu aliyeko kituo cha afya, kwa mwenzangu anayepiga picha, na kwa mgonjwa mwenyewe. Niliwahi kumpokea mama mmoja, mchuma chai. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepigwa eksirei ya mikono kwenye hospitali moja, akaambiwa picha haina kitu, akarudi nyumbani na vidonge vya diklofenaki. Aliendelea kumeza na kuchuma. Alipofika kwangu hakuweza kufungua kifuniko cha chupa, na picha yake mpya ilionyesha mifupa imeliwa ukingoni katika viganja vyote viwili. Nikaomba ile ya zamani, nikaiangalia kwa makini: ni kweli, mifupa ilikuwa mizima. Aliyeisoma hakukosea kusoma. Alikosea kuifanya hukumu ya mwisho, na mwaka mzima wa matibabu ukapotea hapo.

Hatua ya kwanza: shika mkono kabla hujaandika fomu

Picha hujibu vizuri ikiwa aliyeiomba anajua anauliza nini. Kaa na mgonjwa, viganja vyake juu ya meza, na uvitazame vyote viwili. Baridi yabisi hupenda vifundo vya ngumi, vile vinavyochomoza ukikunja mkono, kisha vifundo vya katikati ya vidole na kifundo cha mkono. Vile vya mwisho kabisa karibu na kucha kwa kawaida huviacha. Mara nyingi hushika mikono yote miwili, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Bonyeza kila kifundo kwa kidole gumba. Kiungo kilichovimba kwa ugonjwa huu huwa laini kidogo, kinabonyea kama embe lililoanza kuiva. Kikiwa kigumu kama kokoto, hasa karibu na kucha za mtu wa makamo, fikiria zaidi uchakavu wa viungo. Kisha shika kiganja kizima kwa upande, ukibane taratibu pale kwenye vifundo vya ngumi, kama unavyosalimiana na mtu. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu, liandike.

Muulize asubuhi yake ikoje. Usimuulize tu kama anakaza. Muulize anachukua muda gani kabla hajaweza kuwasha moto au kufunga kitenge. Ukakamavu unaopita nusu saa ni dalili nzito. Ukakamavu huo, maumivu ya kubanwa kiganja, na viungo vitatu au zaidi vilivyovimba: mambo haya yakikutana, mpeleke mbele mapema.

Kwenye fomu andika haya yote: vifundo gani, upande gani, wiki ngapi, dawa gani anazotumia. Fomu iliyoandikwa "maumivu ya mkono" tu hunifanya nitafute mvunjiko, na mvunjiko siuoni.

Hatua ya pili: damu iende pamoja na picha

Mara nyingi picha haitoshi peke yake. Vigezo vinavyotumika duniani tangu 2010, vilivyotolewa na vyama vya wataalamu wa viungo vya Marekani na Ulaya, vinahesabu idadi ya viungo vilivyovimba au kuuma, kingamwili mbili katika damu (RF na anti-CCP), vipimo vya uvimbe (ESR na CRP), na kama dalili zimefikisha wiki sita. Jumla ni alama 10. Akifikisha 6, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza vizuri zaidi hali yake, anahesabiwa kuwa na baridi yabisi. Eksirei haimo kwenye hesabu hiyo. Ina nafasi yake ya pembeni: ikionyesha mmomonyoko wa mfupa wa aina halisi ya ugonjwa huu, basi yatosha.

ESR hupatikana karibu kila maabara, na RF katika nyingi. Anti-CCP ni adimu na ina gharama, ila ikipatikana ina thamani kubwa, kwa sababu RF inaweza kutokea hata kwa mtu mwenye homa ya ini au maambukizi mengine ya muda mrefu. Na asiyekuwa na kingamwili yoyote kati ya hizo mbili bado anaweza kuwa na ugonjwa.

Pima pia VVU na homa ya ini B na C. VVU huleta maumivu ya viungo, na mikoa yetu, Njombe ikiwa mbele, ina maambukizi mengi. Usisahau chikungunya, ambayo jina lake limetoka Kimakonde, likielezea mtu aliyejikunja kwa maumivu, tangu ule mlipuko wa kusini mwa nchi yetu wa 1952. Virusi hivi huweza kuvimbisha vifundo vya mikono yote miwili kwa miezi, vikafanana kabisa na baridi yabisi. Muulize mgonjwa kama yote yalianza ghafla na homa kali.

Hatua ya tatu: piga eksirei inayostahili kulinganishwa

Hapa ndipo penye kazi yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi hii mwaka 1895, picha yake iliyosifika zaidi ilikuwa ya mkono: mkono wa mkewe, tarehe 22 Desemba, pete ikiwa kidoleni. Pete ile imeficha mfupa uliokuwa chini yake. Basi toa pete, bangili, saa na shanga. Pete isipotoka kwa sababu kidole kimevimba, tumia sabuni au mafuta, na ikikataa kabisa ikatwe. Kidole kilichovimba ndani ya pete ni hatari hata bila eksirei.

Omba viganja vyote viwili, hata kama kimoja tu ndicho kinachouma, na uombe nyayo pia. Nyayo wengi huzisahau. Mara nyingi mmomonyoko wa kwanza hutokea kwenye kifundo cha shina la kidole kidogo cha mguu, wakati mikono bado inaonekana mizima, na pengine mgonjwa hajalalamika mguu hata siku moja. Kwa mtu anayetembea kilomita kadhaa kwenda shambani, maumivu ya unyayo ni jambo la kawaida; hataliwaza.

Upigaji wenyewe: kila kiganja peke yake, kimelala kifudifudi juu ya kaseti au detekta (bamba linalopokea picha), vidole vimeachana kidogo, mwale ukielekezwa kwenye kifundo cha ngumi cha kidole cha kati, umbali wa sentimita 100. Picha ichukue kuanzia ncha za vidole hadi sentimita mbili au tatu za mifupa ya mkono juu ya kifundo. Ukipiga viganja viwili kwa mwale mmoja uliolengwa katikati yake, mwale hupita viungo kwa mshazari, na nafasi kati ya mifupa huonekana imebana kuliko ilivyo. Najua foleni inakuwa ndefu na kaseti ni chache. Hata hivyo, kwa ugonjwa huu dakika mbili za ziada zina maana.

Kisha ongeza picha ya mshazari. Kuna mkao alioueleza daktari wa Denmark, Nørgaard, mwaka 1965: mgonjwa hulaza migongo ya mikono, viganja vimegeuzwa nusu juu, vidole vimelegea, kama mtu anayejiandaa kudaka mpira. Mkao huu hufichua ukingo wa mfupa upande wa kidole gumba kwenye vifundo vya ngumi, mahali ambapo picha ya kawaida hupafunika. Ni rahisi, hauhitaji mashine mpya, na bado sehemu nyingi hautumiki.

Mgonjwa asiyeweza kunyoosha vidole asilazimishwe. Mwekee sponji chini, umpige kadiri anavyoweza, na uandike pembeni kwamba vidole havikunyooka. Kidole kilichojikunja huonyesha kiungo kilichobana kwa uongo, na msomaji wa picha lazima ajue hilo. Weka alama ya kulia na kushoto kabla ya kupiga. Kuandika kwa kalamu baadaye kumewahi kugeuza mikono ya watu.

Kuhusu woga wa mionzi: eksirei ya kiganja ina kiasi kidogo sana, chini ya kile mtu anachopokea kwa siku moja kutoka ardhini na angani akiwa amekaa nyumbani kwake. Hata hivyo, muulize mwanamke kama ana ujauzito, mkinge tumbo, na mjulishe daktari. Jibu lake lina uzito mkubwa zaidi kwenye dawa: methotreksati, dawa kuu ya ugonjwa huu, huharibu mimba.

Hatua ya nne: isome kwa mpangilio ule ule kila mara

Anza na nyama. Kivuli cha nyama kuzunguka vifundo vya ngumi na ncha ya mfupa wa upande wa kidole cha mwisho kwenye kifundo cha mkono kikiwa kimetanuka, hiyo ni dalili ya mapema kuliko zote katika eksirei, na hupotea ukiweka mwanga mkali kupita kiasi.

Nenda kwenye rangi ya mfupa. Karibu na viungo mfupa hupauka, unaonekana kama umefifia kuliko katikati ya kidole. Jihadhari hapa: mfupa hupoteza karibu theluthi ya madini yake kabla jicho halijaona tofauti, na picha iliyopigwa kwa nguvu isiyofaa hupausha mifupa ya mtu mzima kabisa. Mimi dalili hii siitegemei peke yake.

Tazama nafasi kati ya mfupa na mfupa. Katika baridi yabisi gegedu huisha sawasawa kiungo kizima, kwa hiyo nafasi hupungua yote kwa pamoja. Katika uchakavu hupungua upande mmoja zaidi, tena mfupa huota vijimwiba pembeni.

Mwisho tafuta mmomonyoko. Anayelima kwenye miteremko ya Uporoto anajua udongo huanza kuondoka wapi: pale pasipo na majani. Mfupa nao ni hivyo. Kando ya gegedu kuna ukanda mwembamba uliomo ndani ya mfuko wa kiungo lakini haukuvikwa gegedu. Utando uliovimba huanzia hapo. Kwa hiyo macho yako yaende moja kwa moja upande wa kidole gumba wa vifundo vya ngumi vya kidole cha shahada na cha kati, kisha kwenye ncha ya mfupa wa upande wa kidole cha mwisho pale kifundoni, kisha kwenye nyayo. Unatafuta mahali ambapo ule mstari mweupe mwembamba wa ukingo wa mfupa umekatika. Tundu lenye ukingo mnene uliochomoza kama mdomo wa chungu, mbali kidogo na kiungo, hasa kwa mwanaume, hunipeleka kwenye jongo.

Sasa andika majibu. Ukiwa hukuona mmomonyoko, andika hivyo hivyo: "Hakuna mmomonyoko unaoonekana kwa eksirei, hili haliondoi baridi yabisi changa." Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye karatasi ya yule mama. Kwa wengi wasiopata tiba, mmomonyoko huonekana kwenye eksirei ndani ya miaka miwili ya kwanza, ilhali miezi michache ya mwanzo ndiyo dawa inapofanya kazi yake bora. Anayesubiri eksirei iharibike ndipo aamini, anasubiri mfupa usiorudi.

Hatua ya tano: ultrasaundi, ikiwa una kichwa sahihi

Ultrasaundi huona kile eksirei haiwezi: utando wenyewe, maji ndani ya kiungo, kano zilizovimba, na damu inayotembea ndani ya uvimbe. Pia huona mmomonyoko mdogo mapema zaidi. Haina mionzi, na inaweza kurudiwa hata kila mwezi.

Vituo vingi vya afya sasa vina mashine kwa ajili ya wajawazito. Tatizo ni kile kichwa cha kushika mkononi. Kichwa kilichopinda cha kuangalia mimba hufanya kazi kwa megahezi 3 hadi 5, nacho kwa kidole hakionyeshi kitu cha maana. Unahitaji kichwa kilichonyooka, cha megahezi 12 au zaidi. Kabla hujampandisha mgonjwa gari kutoka Ileje au Ludewa, piga simu uulize mambo mawili: je, mna kichwa hicho, na je, yupo anayejua kuangalia viungo? Nauli ya bure ni adhabu kwa mgonjwa.

Jambo la pili ni la kwetu hasa: pasha mikono moto. Mtu aliyeshuka kwenye gari asubuhi ya Julai ana vidole baridi kama chuma, mishipa imejibana, na dopla, yaani rangi ya mashine inayoonyesha damu inavyotembea, itaonyesha kiungo kimetulia wakati kinawaka. Mkalishe kwenye chumba chenye joto dakika 20, mikono ndani ya kitenge au koti. Hii haigharimu chochote.

Weka jeli nyingi, iwe mto kati ya kichwa na ngozi, wala usikandamize. Mkono mzito wa mpimaji hufukuza damu kwenye mishipa midogo na kuifuta dalili. Vidole vilale vimelegea. Pitia mgongo wa kiganja, kifundo kimoja baada ya kingine kuanzia cha shahada, kwa urefu kisha kwa upana. Kwenye cha shahada na cha kidole cha mwisho geukia pembeni pia, maana pande zao za nje zinafikika na ndizo zinazoliwa mapema. Maliza kwenye kifundo cha mkono katikati, halafu kwenye kano inayopita upande wa kidole cha mwisho. Kuvimba kwa kano hiyo ni dalili ya mapema ambayo wengi huiruka.

Dopla hupewa daraja 0 hadi 3. Sifuri hakuna damu, moja ni vidoa vichache, mbili rangi imejaza chini ya nusu ya utando, tatu imepita nusu. Mmomonyoko uukubali tu ukiuona kwa mikato miwili inayopishana, wa urefu na wa upana. Na maji kidogo ndani ya kiungo bila rangi yoyote ya dopla yasikutishe: mikono inayoshika jembe kutwa huwa nayo, na ni mizima.

Muulize kuhusu vidonge. Prednisoloni na deksamethasoni hununuliwa dukani kwa urahisi, wakati mwingine zimo ndani ya dawa za "kutibu viungo" zinazouzwa mnadani zikiwa hazina hata jina. Zinazima uvimbe kwa siku chache na kuifanya dopla iwe tulivu, huku ugonjwa ukiwa palepale. Usimwambie mgonjwa aache ghafla dawa hizo kama amezitumia muda mrefu, kwa sababu mwili unaweza kuanguka. Andika tu anazotumia, ili msomaji wa majibu ajue.

MRI, kwa wachache

MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona utando, kano, mmomonyoko, na juu ya hayo huona maji ndani ya uboho wa mfupa, ambayo ndiyo onyo la mapema zaidi kuwa mahali hapo mfupa utaliwa. Ni kipimo bora na cha gharama kubwa. Ningemtuma mgonjwa pale tu dalili zinapoelekea kwenye ugonjwa, damu na eksirei haziamui, na ultrasaundi haipatikani au imeleta utata. Kama vipimo vya damu na vidole vyake vinasema wazi, fedha hiyo ikanunue methotreksati. Mwenye kifaa cha kusukuma moyo au chuma mwilini aseme kabla ya kuingia. Na kama atachomwa dawa ya kung'arisha picha, figo zipimwe kwanza. CT, eksirei ya mikato, huona mfupa vizuri lakini hauoni utando uliovimba, kwa hiyo usiihangaikie.

Hatua ya mwisho: tunza, kisha rudia

Picha ya kwanza ni ya kulinganisha. Ikiwa safi, imefanya kazi yake: imeonyesha mfupa ulikuwaje siku tiba ilipoanza. Rudia viganja na nyayo baada ya miezi 12, kwa mkao ule ule na mashine ile ile ikiwezekana, na uziweke picha mbili pamoja ubaoni. Daktari akiona mmomonyoko mpya wakati mgonjwa yuko kwenye dawa, dawa haitoshi, hata kama mgonjwa anasema anajisikia nafuu.

Mgonjwa apewe filamu yake au nakala kwenye CD, na aelezwe kuwa ni mali yake ya kutunza kama cheti cha kuzaliwa. Tarehe na jina viandikwe juu ya bahasha na ndani. Bahasha isikunjwe kuingia mkobani, isivikwe mfuko wa nailoni ikiwa na unyevu, kwa sababu filamu hushikana na kubanduka rangi. Na isiwekwe darini juu ya jiko: nimeshapokea filamu zilizokaushwa na moshi wa kuni hadi mikono iliyomo haionekani tena. Ikae chumbani, imesimama wima nyuma ya kabati au imelala chini ya godoro, na kila anapokwenda hospitali, iwe Mbeya, Iringa au Ikonda, atoke nayo.